Sindano ya Mzazi Haipimwi kwa Macho

Katika kila wodi ya wazazi ya nchi hii, iwe ni ya hospitali ya rufaa au ya zahanati ya kijijini, hapana budi kuwepo kichupa kidogo cha kioo chenye mililita moja ya maji maangavu. Maji hayo hayana rangi wala harufu. Dawa iliyomo ndani yake huitwa oksitosini, na kazi yake ni moja kubwa: mtoto akishazaliwa, mkunga humchoma mama sindano hiyo katika dakika ya kwanza, ili mji wa mimba ujikaze, mishipa ya damu iliyoachwa wazi ifunge, na kondo la nyuma litoke salama. Kipimo kinachotakiwa ni uniti 10 za kimataifa. Uniti 10 ni uzito wa takriban maikrogramu 17, yaani gramu moja tu ya dawa hii, ikigawanywa sawasawa, yatosha wazazi wapatao 60,000.

Namba hiyo yafaa itafakariwe kwa utulivu, kwa sababu ndani yake ndimo lilimo suala zima la makala haya. Kitu kidogo kiasi hicho hakionekani, hakionjeki, wala hakinusiki. Kichupa chenye dawa kamili na kichupa chenye nusu ya dawa hufanana kama mapacha, na kichupa kilichojaa maji matupu hufanana navyo vilevile. Mkunga mwenye uzoefu wa miaka thelathini hawezi kuvitofautisha. Daktari bingwa hawezi, na mhasibu wa halmashauri aliyeidhinisha malipo ndiye kabisa hawezi. Anayeweza ni mkemia aliye katika maabara yenye mashine ya kazi hiyo. Kwa hiyo ubora wa sindano ya mzazi ni jambo ambalo wananchi huliamini bila kuliona, na jambo la namna hiyo lazima wawepo watu waliopewa dhamana ya kuliona kwa niaba yao.

Ukubwa wa dhamana yenyewe haufichiki. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua kulikuwa kukiua akina mama wapatao 70,000 duniani kila mwaka, na wengi mno kati yao ni wa nchi kama zetu. Hapa nchini, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikuta vifo vya uzazi 556 katika kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2022 ukakuta 104. Hayo ni maendeleo makubwa, na wakunga, waganga na walipa kodi wa nchi hii wanastahili pongezi. Lakini ni dhahiri kwamba kadiri vifo vinavyopungua, ndivyo vile vilivyosalia vinavyotudai maswali magumu zaidi. Barabara ikishajengwa, zahanati ikishafunguliwa, mkunga akishapatikana, na mama akawahi kufika, halafu akafa kwa kuvuja damu hali kachomwa sindano, yatupasa kuuliza: ndani ya sindano ile mlikuwa na nini?

Kwanza yafaa ieleweke dawa hii ni kitu gani. Oksitosini ni homoni ambayo mwili wa binadamu huitengeneza wenyewe. Mwingereza Henry Dale ndiye aliyeonyesha, mwaka 1906, kwamba maji yaliyokamuliwa katika tezi iliyo chini ya ubongo huufanya mji wa mimba ujikaze. Kwa miaka mingi baada ya hapo dawa ilikamuliwa katika tezi za wanyama waliochinjwa. Nguvu yake haikuwa sawa kutoka toleo hadi toleo, na ilibidi ipimwe juu ya wanyama hai au viungo vyao, kama vile mji wa mimba wa panya au shinikizo la damu la kuku. Ndiyo sababu mpaka leo twahesabu kwa uniti badala ya kwa uzito. Mwaka 1953 mkemia wa Marekani, Vincent du Vigneaud, alifaulu kuiunda oksitosini katika maabara, na mwaka 1955 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia. Alichokiunda ni mnyororo mfupi wa asidi amino tisa. Minyororo ya namna hiyo wataalamu huiita peptidi, na hiyo ilikuwa homoni ya kwanza ya jamii hiyo kuundwa kwa mkono wa binadamu.

Tangu wakati huo peptidi za kuunda zimekuwa nyingi, na viwanda vya kuziunda vimeenea katika mabara kadhaa. Lakini mnyororo ni mnyororo. Pete moja ikikosekana, au mbili zikibadilishana mahali, kinachopatikana ni kitu kingine, ingawa kwa macho kingali unga mweupe uleule. Isitoshe, peptidi si madini. Oksitosini ikikaa katika joto, mnyororo huanza kuharibika polepole. Joto likizidi, huharibika upesi. Hata uchachu wa maji yaliyomo kichupani una kipimo chake, maana maji yakipoteza uchachu ule mdogo, dawa haidumu.

Walimu wa kemia hawatapata taabu kuelewa jinsi maabara inavyoitambua dawa iliyo kamili. Nani kati yao hajawahi kudondosha tone la wino mweusi katika karatasi ya kufyonza, akaichovya ncha ya karatasi majini, na wanafunzi wakashangaa kuona weusi ule ukiachana kuwa samawati, nyekundu na manjano? Mashine ya maabara ya dawa hufanya jambo hilohilo, ila badala ya karatasi ina bomba jembamba la chuma lililoshindiliwa chembechembe laini, na badala ya maji kupanda yenyewe husukumwa kwa shinikizo kubwa. Vitu vilivyomo katika dawa hupita bombani kwa mwendo tofauti, kila kimoja hutoka kwa wakati wake, na mashine huchora kilima kwa kila kinachotoka. Kilima cha oksitosini hulinganishwa na kilima cha oksitosini halisi ya marejeo, ambayo kiasi chake kinajulikana bila shaka. Vilima vikilingana kwa wakati, dawa ni yenyewe. Ukubwa wa kilima huonyesha imo kiasi gani. Vilima vidogo vya pembeni ni uchafu au mabaki ya dawa iliyooza. Kanuni hutaka dawa iliyomo isipungue asilimia 90 ya kiasi kilichoandikwa, wala isizidi asilimia 110.

Hapo kazi haijaisha. Sindano lazima ipimwe kama haina vijidudu, na kipimo hicho peke yake huchukua siku 14. Lazima ipimwe pia kama haina sumu zinazoachwa na bakteria waliokwisha kufa, maana sumu hizo hazifi kwa kuchemshwa na zaweza kumtia mgonjwa homa kali na mshituko. Ndipo cheti kiandikwe. Cheti cha maabara ni ushahidi kwamba toleo fulani, lenye namba fulani, lilipimwa siku fulani kwa njia fulani na kuonekana hivi na hivi. Kina kikomo chake, nacho ni kikomo ambacho watu wengi, wakiwemo watumishi wanaovipokea vyeti hivyo na kuvitia katika majalada, hawakifikirii: cheti hueleza hali ya dawa siku ilipopimwa. Hakielezi yaliyoipata njiani.

Na njia ya kufika kwetu ni ndefu. Dawa inayoshushwa bandarini Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kabla ya kufika Sumbawanga. Hupita katika joto la pwani, hupanda nyanda za juu, husubiri katika maghala, hatimaye huteremshwa katika uwanda wa Ufipa. Mkazi wa kata ya Milanzi, anayekoka moto jioni za mwezi wa Juni na kujifunika mablanketi mawili, aweza kudhani kwamba baridi yetu ni jokofu tosha. Uwanda huu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake haihitaji shahidi. Lakini kanuni ya kuhifadhi oksitosini ni nyuzi 2 hadi 8 za sentigredi, usiku na mchana, na mchana wa Milanzi mwezi wa Oktoba hauko hata karibu na nyuzi 8. Hata hivyo Milanzi si mahali pabaya kuliko pote. Shida kubwa iko chini ya ngazi za uwanda. Kutoka hapa dawa huteremka upande mmoja hadi Muze na Mtowisa katika bonde la Ziwa Rukwa, na upande mwingine hadi Kasanga, Kipili na Kirando, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Huko ni takriban mita 800 tu, na hewa yake ni ya joto. Kasha la dawa huweza kutoka katika baridi ya asubuhi ya mjini na kufika jioni mahali ambapo bati la paa halishikiki kwa mkono. Mkoa mmoja, bohari moja, toleo moja la dawa, na hali mbili zisizofanana hata kidogo.

Umeme nao una historia yake. Kwa miaka mingi mji wa Sumbawanga ulitegemea umeme uliotoka nchi jirani ya Zambia, kupitia Mbala, na wakazi wake hawahitaji kuelezwa maana ya kukatika kwa umeme. Katika zahanati nyingi za vijijini jokofu lenye nguvu za kuaminika ni lile la chanjo, linalotumia gesi au jua. Kwa muda mrefu kulikuwa na desturi, katika nchi nyingi, kwamba jokofu la chanjo ni la chanjo tu, na dawa ya wazazi ikae rafuni. Desturi hiyo haikuwa na msingi wa kitaalamu. Ilitokana na kwamba chanjo zina mpango wake, fedha zake na msimamizi wake, na dawa za wazazi zina vyake. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto na Shirika la Idadi ya Watu yalitoa tamko la pamoja kwamba oksitosini ihifadhiwe katika nyuzi 2 hadi 8, na kwamba yaweza kuwekwa katika majokofu ya chanjo pale ambapo hapana jingine, mradi itengwe na kuwekewa alama. Ni jambo jepesi la kutekeleza. Linahitaji kisanduku, kalamu ya wino usiofutika, na mganga mfawidhi asiyeogopa kwamba msimamizi wa chanjo atakasirika.

Ubaya wa dawa duni ya aina hii ni kwamba hauachi shahidi. Mtu akila chakula kilichooza hutapika, na jirani hujua. Gari likitiwa petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, injini hulalamika. Lakini mama akichomwa oksitosini iliyopoteza nusu ya nguvu, akaendelea kuvuja damu, mkunga humwongezea kichupa cha pili, na cha tatu. Damu ikikoma, hakuna anayeuliza kwa nini vilitumika vitatu. Isipokoma, kitabu huandikwa kwamba mama alipoteza damu nyingi, au kwamba alichelewa kufika, na namba ya toleo la dawa haiandikwi popote. Vichupa vitupu hutupwa katika shimo la taka pamoja na ushahidi wote. Ndugu hubeba maiti yao, na wapo watakaonong'ona juu ya uchawi, kwa kuwa katika mji wetu uvumi wa namna hiyo haujawahi kukosa wasikilizaji.

Kuna hatari nyingine iliyo kinyume, na haisemwi mara nyingi. Oksitosini hutumika pia kuongeza uchungu kwa mzazi ambaye uchungu wake umezorota. Mkunga aliyezoea matoleo dhaifu hujifunza, bila kujua, kwamba kipimo cha kitabuni hakitoshi, naye huzoea kuzidisha. Siku linapokuja toleo kamili, lenye nguvu zake zote, mkono wake huzidisha vilevile, na mji wa mimba wa mama huyo waweza kupasuka. Kwa hiyo dawa dhaifu hudhuru siku inapotumika, na huweza kudhuru tena siku dawa nzuri inapokuja. Hapo mkunga atalaumiwa, na pengine ataadhibiwa, kwa jambo ambalo mizizi yake iko katika ghala lililokuwa na joto miezi sita iliyopita.

Si haki kusema kwamba nchi yetu imelala. Tulikuwa na Sheria ya Dawa na Sumu ya mwaka 1978 na Bodi ya Famasi iliyoisimamia. Mwaka 2003 ikaundwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, na mwaka 2019 mamlaka hiyo ikawa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kazi ya chakula na vipodozi ikihamishiwa Shirika la Viwango. Maabara yake ya Dar es Salaam ilikaguliwa na kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011, na mwaka 2018 mamlaka yenyewe ilitambuliwa kufikia ngazi ya tatu ya ubora wa udhibiti, ya kwanza kufanya hivyo katika Afrika. Hayo ni mambo ya kujivunia, na hayakuja kwa bahati. Lakini wadhibiti haohao ndio wanaojua kwamba mwaka 2012 dawa bandia za kufubaza virusi vya UKIMWI zilikutwa katika hospitali ya wilaya ya Tarime, pembezoni kabisa mwa nchi. Pembezoni ndiko mambo yanakojionyesha. Sampuli ikichukuliwa bandarini itatuambia kama kiwanda ni kiaminifu. Sampuli ikichukuliwa Kirando itatuambia kama kiwanda, meli, lori, bohari, boda boda na rafu ya zahanati vyote ni viaminifu, na huyo mama wa Kirando hachomwi sindano iliyo bandarini.

Hapa inanibidi nigusie jambo lililo jirani, kwa sababu limeanza kuzungumzwa hata katika ofisi na vyumba vya walimu. Siku hizi peptidi za kila namna huuzwa kwa njia ya mtandao, katika vichupa vya unga, zikidaiwa kupunguza unene, kujenga misuli, kuponya maungio au kung'arisha ngozi. Nyingi zimeandikwa kwamba ni za utafiti tu, si za kutumiwa na binadamu. Maandishi hayo ni ujanja wa muuzaji. Anajua fika kwamba mnunuzi hana maabara wala panya wa majaribio, na kwamba unga ule utayeyushwa na kuchomwa tumboni mwa mtu. Ila kwa kuandika neno utafiti anajitoa katika sheria ya dawa. Kisha, ili kumtuliza mnunuzi, huambatisha karatasi iitwayo cheti cha uchambuzi, yenye mchoro wa kilima kimoja kirefu na maneno kwamba usafi ni asilimia 99.

Msomaji aliyefuata maelezo ya hapo juu ataona mara moja kilichopungua. Asilimia 99 ya usafi maana yake ni kwamba katika vitu ambavyo mashine iliviona, asilimia 99 ni kitu kimoja. Haisemi kitu hicho ni kipi, mpaka kilinganishwe na cha marejeo au kipimwe kwa mashine nyingine inayopima uzito wa molekuli. Haisemi kimo kiasi gani; kichupa chaweza kuwa na usafi wa asilimia 99 na kiwe na nusu ya kiasi kilichoandikwa, au mara mbili yake. Haisemi lolote juu ya vijidudu na sumu zao. Na hakuna anayejua kama toleo lililopimwa ndilo lililotiwa kichupani, au kama muuzaji alipeleka maabara kichupa kizuri alichokichagua mwenyewe. Mwezi wa Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya matoleo matatu bandia ya Ozempic, dawa ya kisukari ambayo nayo ni peptidi na ambayo watu wengi huitafuta kwa ajili ya kupunguza unene. Yalikutwa Brazili, Uingereza na Marekani. Ikiwa nchi zenye wakaguzi wengi kiasi hicho hupenyezewa dawa bandia, mtu anayeagiza kichupa kwa simu akiwa Sumbawanga anategemea kitu gani? Anategemea karatasi.

Ninayataja haya kwa sababu tabia ya kuiamini karatasi haiko kwa wanunuzi wa mtandaoni peke yao. Imo pia katika ofisi zetu. Bohari ya Dawa inapokosa dawa, halmashauri huruhusiwa kununua kwa mshitiri wa mkoa, utaratibu ulioanzia Dodoma mwaka 2014 na kuenezwa nchi nzima mwaka 2018. Ni utaratibu mzuri uliopunguza rafu tupu. Lakini aliyeketi katika kikao cha manunuzi anajua jinsi mjadala unavyokwenda: bei ya chini ipo? Leseni ipo? Cheti kipo? Tiki, tiki, tiki. Ni mara ngapi mjumbe huuliza kama namba ya toleo iliyo katika cheti ndiyo iliyo katika makasha yaliyopokelewa? Ni mara ngapi huulizwa gari lililoleta oksitosini lilikuwa na kasha la baridi, na kama ndani yake mlikuwa na kipimajoto? Tofauti ya bei kati ya kichupa cha kuaminika na cha rahisi ni ndogo sana ikilinganishwa na gharama ya chupa moja ya damu, sembuse uhai.

Wazee wa Ufipa wanatuzidi katika hili. Mabaki ya malungu, zile tanuri ndefu za udongo walizoyeyushia chuma, yangalipo katika Nkasi na sehemu nyingine za uwanda huu. Kilichotoka katika tanuri kubwa hakikupelekwa moja kwa moja kwa mhunzi kufua jembe. Kilikuwa bado kimechanganyika na takataka za mawe, nao walijua hivyo. Kikaingizwa katika tanuri ya pili, ndogo, kisafishwe kwanza. Hatua ile ya pili ilikuwa na kazi yake, kuni zake na mafundi wake, na hakuna aliyeiona kuwa ni upotevu wa wakati. Jembe lililovunjika shambani lingemrudia fundi aliyelitoa, mbele ya majirani. Leo aliyetengeneza dawa yuko mbali, na kichupa kibovu hakimrudii mtu yeyote.

Wapo watakaosema kwamba suluhisho limekwisha kupatikana, kwa kuwa ipo dawa ndugu, kabetosini isiyoharibiwa na joto. Ni kweli. Majaribio makubwa yaliyotangazwa mwaka 2018, yakiwahusisha akina mama karibu 30,000 katika nchi kumi, zikiwemo Kenya na Uganda, yalionyesha kwamba haizidiwi na oksitosini katika kuzuia damu, na mwaka 2019 iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa Mtowisa na Kasanga ni habari njema. Hata hivyo, majaribio hayo yalihusu kuzuia. Kumtibu mama ambaye ameshaanza kuvuja, na kuongeza uchungu, ni kazi ambazo oksitosini ingali inashika. Utafiti mwingine mkubwa, ambao hospitali za Tanzania zilishiriki pamoja na za Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, matokeo yake yalitangazwa mwaka 2023. Ulionyesha kwamba kuipima damu inayomtoka mzazi kwa mfuko wenye alama, na kumpa tiba zote kwa mpigo mara damu inapozidi, kunapunguza madhara makubwa kwa asilimia 60. Katika tiba hizo za mpigo oksitosini imo. Mfuko wa plastiki utatuambia kwa usahihi kwamba mama anavuja. Kisha tutamchoma kitu ambacho hatujakipima?

Na kabetosini nayo ni peptidi ya kuunda. Nayo yaweza kughushiwa na kuundwa vibaya. Dawa mpya haiondoi haja ya maabara.

Basi yako mambo ambayo halmashauri za mkoa huu zaweza kuyafanya bila kungoja waraka kutoka juu. Kila wodi ya wazazi iandike namba ya toleo la oksitosini katika kitabu cha uzazi, mstari uleule wa jina la mama. Ni tarakimu chache, hazichukui hata nusu dakika, na siku matoleo mawili yakionyesha tofauti, kitabu kitasema. Mkunga anayelazimika kutumia vichupa vitatu aone ni wajibu wake kujaza fomu ya mashaka ya ubora wa dawa, na mkubwa wake asimwone kuwa ni mchochezi. Mfamasia wa wilaya atie kipimajoto katika kasha linaloteremka bondeni, na asome kilichoandikwa linapofika. Walimu wa sayansi wa Sumbawanga, ambao wanafunzi wao hukariri neno kromatografia kwa ajili ya mtihani, wawaambie kwamba jambo lile la wino na karatasi ndilo linaloamua kama dada zao watarudi nyumbani na watoto wao. Pengine atatokea mmoja atakayetaka kuwa mkemia wa dawa, nao tunawahitaji.

Liko jambo moja zaidi, na hili ni la Mamlaka yenyewe. Zahanati inayotoa sampuli ipewe jibu. Mganga wa kijijini akichukuliwa vichupa vitano, akatia sahihi, halafu asisikie lolote, mwaka unaofuata atatoa vitano vingine kwa shingo upande, au atasema vimekwisha. Barua ya ukurasa mmoja yatosha: toleo namba fulani, kiasi kilichokutwa, limefaulu au limeshindwa, fanyeni hivi. Ikibandikwa ukutani mwa wodi, akina mama wataisoma, na waume zao pia.

Na sampuli zikianza kukusanywa Rukwa, zisianzie mjini palipo karibu na ofisi na nyumba za wageni. Zianzie Kirando, Kasanga na Mtowisa, mwezi wa Oktoba, wakati wa joto, kutoka katika rafu ileile ambayo mkunga huchukua dawa usiku. Milanzi na hospitali za mjini zitafuata baadaye.